Mwasumini na Masharti Yake

Katika mimea yote ipandwayo uani na kando ya baraza katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Pemba, Unguja na Bagamoyo, ni shida kuupata mmoja wenye umbo dogo na cheo kikubwa kama mwasumini. Mwaridi hujivunia rangi, na mlangilangi hujivunia kimo. Lakini mwasumini, ambao mchana kutwa hauonyeshi ila majani mabichi na matumba machache meupe, ndio unaoendewa jua linapoelekea kuchwa, kwa sababu bila ya maua yake kikuba hakitimii, koja halitungiki, na kitanda cha bibi harusi, hata kikitandikwa hariri na kufukizwa udi, huhesabiwa kuwa kimepungukiwa.

Hata hivyo, apitaye mitaani huona miasumini mingi iliyo hai lakini haina maua: mirefu, myembamba, imejaa majani, na wenyewe husikitika kwamba wameimwagilia maji asubuhi na jioni, wameikinga na jua, wala hawajathubutu kuigusa kwa kisu, na bado haiwapi maua ya kutosha kikuba kimoja. Atakayeyasikiliza malalamiko hayo kwa makini ataona kuwa jawabu limo ndani yake. Mwasumini huharibiwa kwa huruma iliyozidi mara nyingi kuliko kwa kupuuzwa. Tabia yake ni kutaka jua kuliko kivuli, udongo upitishao maji kuliko wingi wa maji, na kisu kuliko kuachwa ukue utakavyo. Na maelezo yote yafuatayo ni ufafanuzi wa mambo hayo matatu, pamoja na hadhari zinazoambatana nayo.

Tuanze na sura yake, maana si kila kinachoitwa asumini ni asumini. Wataalamu wa mimea huuita *Jasminum sambac*, nao wameuweka katika ukoo mmoja na mzeituni. Mmoja wao, Linnaeus, aliueleza mwaka 1753 akiutia katika kundi jingine, na mtaalamu mwenzake, Aiton, akauhamishia katika kundi la *Jasminum* mwaka 1789. Asili yake hunasibishwa na Bara Hindi na nchi jirani, na kwa kuwa ni mmea unaosafirika kwa kipande cha tawi tu, ulienea kwa njia za biashara ya Bahari ya Hindi hadi Arabuni, pwani ya Afrika Mashariki, China na visiwa vya mashariki ya mbali. Ni kichaka kisichopukutisha majani mwaka mzima, chenye kimo cha futi 2 hadi 10 kulingana na aina yake na jinsi kinavyotunzwa. Na matawi yake, yakiwa machanga, huwa membamba, yana vinyweleo vidogo, na hupenda kuegemea au kujizongazonga penye kitu cha kushika. Majani hupangika mawili mawili yakielekeana kwenye kila kifundo, na mara nyingine huwa matatu. Kila jani ni moja lisilogawanyika, lenye umbo la yai, urefu wa inchi 2 hadi 5, rangi ya kijani iliyokolea, na mng'ao kidogo upande wa juu.

Maua hutokea kwenye ncha za machipukizi, aghalabu kwa vishada vya maua matatu hadi kumi na mawili, ambayo hayachanui yote kwa pamoja bali hufuatana, na lile la katikati ndilo hutangulia. Ua lina shina jembamba mfano wa mrija, na juu yake petali tano hadi tisa zilizotandazika kwa upana wa kiasi cha inchi moja. Hufumbuka baada ya magharibi, hunukia usiku, na kesho yake hulegea, likabadilika kidogo kidogo kutoka weupe safi hadi rangi ya waridi iliyopauka, kisha likaanguka. Tunda lake ni dogo, jeusi lenye uzambarau, lakini katika bustani ni nadra kulipata, na ndiyo sababu mwasumini hauzalishwi kwa mbegu.

Ndani ya mmea huu mmoja mna aina kadhaa, na ni vema mtu ajue anayoitaka kabla hajaomba kipande kwa jirani. Iko yenye safu moja ya petali, ambayo matumba yake ni marefu na yamechongoka. Hii huzaa kwa wingi na ndiyo rahisi kutungwa kwa uzi. Iko yenye safu mbili au tatu, inayopendeza katika kikuba na nyweleni. Na iko iliyojaa petali nyingi zilizosongamana hata ua likafanana na waridi dogo la mviringo. Hii hukua polepole, matawi yake husimama imara zaidi, na maua yake ni machache lakini kila moja lina uzito wake. Aina hii ya mwisho ilipofika Italia kutoka India katika karne ya 17, Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, aliipenda kiasi cha kuitunza kwa wivu katika bustani zake, na hata leo aina hiyo huitwa kwa cheo chake katika vitalu vya Ulaya na Marekani. Mwenye nafasi ya mche mmoja tu, na haja yake ni maua ya kila jioni, afadhali achukue aina ya safu moja au mbili. Mwenye kutaka pambo la chungu mlangoni, na achukue ile iliyosongamana.

Kuna mimea miwili inayochanganywa na mwasumini, nayo ipambanuliwe. Wa kwanza ni mwasumini mwitu, *Jasminum fluminense*, uotao wenyewe vichakani katika pwani ya Afrika Mashariki. Huu ni mmea utambaao, na jani lake limegawanyika katika vijani vitatu, ilhali la mwasumini wa bustani ni moja. Maua yake yananukia, lakini mmea wenyewe hutambaa juu ya kila kilicho karibu, na mahali kama Florida na Hawaii, ulikopelekwa na watu, umekuwa magugu sugu. Wa pili ni ule uitwao *Cestrum nocturnum*, ambao maua yake ni mirija myembamba ya rangi ya kijani kilichopauka, yasiyo na petali za kutandazika, na harufu yake ya usiku ni kali hata huwaumiza wengine kichwa. Huu si wa ukoo wa asumini kabisa, na matunda yake meupe yana sumu. Kwa hiyo penye watoto wadogo mtu asiupande kwa kudhani kuwa amepanda asumini.

Sasa tuje kwenye masharti ya kukua, na la kwanza ni jua. Mwasumini unataka jua la wazi kwa muda usiopungua saa sita kwa siku, na lililo bora ni la kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Ukiwekwa kivulini haufi. Hapo ndipo penye hadaa, kwa kuwa mwenyewe huuona una majani mapana na rangi nzuri, akadhani uko salama, kumbe unatumia nguvu zake zote kurefusha matawi ukiutafuta mwanga, na haubakizi kitu cha kutengenezea matumba. Katika nyumba zetu za mawe, zenye kuta ndefu na ua mwembamba, jambo hili linahitaji fikira zaidi, kwa sababu jua halisimami mahali pamoja mwaka mzima. Unguja, mathalan, tangu Oktoba hadi Machi jua la mchana huinamia upande wa kusini, na miezi iliyobaki huinamia upande wa kaskazini. Hivyo mmea uliopandwa kaskazini ya ukuta mrefu hupata jua wakati wa kusi na kukaa kivulini wakati wa kaskazi, na uliopandwa kusini ya ukuta huo hupata kinyume chake. Joto la kaskazi ndilo linaloharakisha maua, kwa hiyo mahali palipo kusini ya ukuta, au palipo wazi upande wa mashariki, ndipo pa kuchaguliwa kwanza. Asiye na mahali hapo na apande ndani ya chungu au debe, ili aweze kuuhamisha mmea kulifuata jua kwa majira yake.

Pamoja na jua, utazamwe upepo. Nyumba iliyo karibu sana na bahari hupata wakati wa kusi upepo unaochukua chembe za maji ya chumvi, na chembe hizo zikitua juu ya majani huyaunguza ncha na kingo zake. Mwasumini hauistahimili chumvi kama mkadi au mkungu unavyoistahimili. Kwa hiyo uwekwe nyuma ya ukuta, ua wa makuti, au mimea mingine migumu ya pwani iliyozoea adha hiyo, mradi kinga yenyewe isije ikawa kivuli.

Sharti la pili ni udongo. Mizizi ya mwasumini inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na penye udongo uliojaa maji siku zote huwa kama mtu aliyefunikwa uso kwa kitambaa kibichi: hufa kwa kukosa pumzi huku ikizungukwa na kinywaji. Kabla ya kupanda, chimba shimo la mkono mmoja kwenda chini, lijaze maji, kisha ulitazame kesho yake asubuhi. Maji yakiwa yamekwenda zake, mahali hapo panafaa. Yakiwa bado yamo, inua tuta la shubiri moja na nusu au mbili juu ya ardhi, upande juu yake, na uchanganye udongo na mchanga wa mto au wa machimbo. Mchanga wa ufukweni usitumiwe, kwa sababu ya chumvi na vipande vya makombe vilivyomo.

Katika visiwa na sehemu nyingi za mwambao kuna shida ya namna nyingine, nayo ni chokaa. Ardhi yetu nyingi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo utokanao nayo una chokaa nyingi. Na chokaa ikizidi, madini ya chuma yaliyomo udongoni hufungika, mizizi isiweze kuyanywa ijapokuwa yapo. Dalili yake ni dhahiri kwa aijuaye: majani machanga ya ncha hugeuka manjano, ilhali mishipa yake inabaki kijani, na mmea hudumaa ingawa maji na samadi unapata. Wengi wanaoona umanjano huo huongeza maji, na maji ya kisima yenye chokaa huzidisha yaleyale. Dawa ya kudumu ni kubadili makao ya mizizi: chimba shimo lenye upana wa mikono miwili na kina cha mkono mmoja na nusu, ondoa mawe yote ya matumbawe, ulijaze udongo mwekundu au wa kichanga ulioletwa kutoka mahali pasipo na mawe, ukiuchanganya na samadi iliyooza barabara na mboji ya majani. Usiupande mmea ukigusa ukuta uliokandikwa chokaa au saruji, kwa kuwa mvua huosha chokaa hiyo ikashuka mizizini. Uachie mkono mmoja na nusu kutoka ukutani. Na yule aliyezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye kila mmea na auepushe mwasumini wake na desturi hiyo penye udongo wa chokaa, maana majivu nayo huongeza ukali uleule.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika, mvua ya kwanza inapokwisha kulainisha ardhi, ili mizizi ipate miezi ya kujishikiza kabla ya ukavu. Na aliyekosa masika anaweza kungojea vuli. Mche uwekwe katika kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, udongo ushindiliwe kwa kiganja na si kwa mguu, na maji yatiwe mara moja hata kama mawingu yametanda. Wenye kupanda safu wapeane nafasi ya mikono mitatu kati ya mche na mche. Kisha shina lizungushiwe matandazo ya majani makavu au nyasi, unene wa nyanda nne, yasigusane na gome lenyewe. Haya huhifadhi unyevu, hupoza udongo, na yakioza huwa chakula. Makumbi ya nazi yanafaa pia, lakini yawe ya shambani, si yale yaliyofukuliwa pwani baada ya kufukiwa kwa ajili ya kamba, kwa sababu hayo yameshiba chumvi ya bahari.

Katika jambo la maji, kanuni ni moja: mwagilia kwa wingi, kisha uache. Maji kidogo kidogo ya kila siku hulowesha uso wa udongo tu, na mizizi hupanda juu kuyafuata, ikawa dhaifu mbele ya jua. Mmea uliokwisha kushika ardhini hutosheka kwa mara mbili kwa wiki wakati wa kaskazi, mara moja wakati wa kusi usio na mvua, na hauhitaji chochote wakati wa masika. Ulio katika debe hukauka upesi zaidi, na huenda ukataka maji kila siku katika miezi ya joto kali. Kuliko kufuata hesabu, tia kidole udongoni hadi kifundo cha pili: ukikuta unyevu, ahirisha, ukikuta ukavu, mwagilia hadi maji yatoke chini ya chombo. Na kwa kuwa visima vingi vya mijini, hasa vilivyo karibu na bahari, vina maji ya chumvichumvi, mwenye uwezo wa kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa na ayawekee mwasumini akiba, ama angaa aumwagilie kwa maji hayo mara moja moja kuosha chumvi iliyokusanyika chomboni. Debe lenyewe litobolewe matundu matano au sita chini, na liinuliwe juu ya vijiwe viwili vitatu, maana debe lililokaa sakafuni huziba matundu yake.

Chakula cha mwasumini kiwe cha wastani. Samadi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza, karai moja kwa kila mche, mara mbili kwa mwaka, inatosha kwa mmea wa ardhini. Ulio chomboni upewe konzi moja ya mboji kila mwezi katika majira ya kukua. Samadi ya kuku ni kali, haifai ikiwa mbichi, na hata ikioza itumiwe kwa uchache. Wale watumiao mbolea za dukani wajihadhari na zile za kukuzia majani, kwa kuwa zina naitrojeni nyingi, nayo ikizidi huleta majani maridhawa na maua adimu. Watafute iliyosawazishwa, au ile iliyoelekezwa kwa mimea ya maua.

Sasa tumefika kwenye sharti la tatu, ambalo ndilo linalowatia watu khofu kuliko yote, nalo ni kisu. Asumini haitoki kwenye tawi la zamani. Hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi lililoachwa miaka halikupunguzwa huwa gumu, likaota chipukizi moja mwishoni, na chipukizi hilo likatoa kishada kimoja. Tawi hilohilo likikatwa juu ya kifundo chenye majani mawili, macho mawili yaliyojificha hapo huamka, likatoa machipukizi mawili, na kila moja likaleta kishada chake. Basi anayekata hapunguzi maua. Huyazidisha, na hesabu yake hurudufika kila akatapo kwa adabu.

Upogoaji mkubwa ufanywe mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa miezi ya baridi, yaani Agosti kwa watu wa pwani, ili machipukizi yakutane na joto la Oktoba na mvua za vuli. Tumia makasi ya bustani au kisu kikali kilichosafishwa. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa, yaliyopinda ndani, na yanayosuguana. Kisha upunguze yaliyobaki hadi nusu ya urefu wake, au hadi usawa wa goti kwa mmea uliokwisha kukomaa, ukikata wanda mmoja juu ya kifundo. Mmea utaonekana mnyonge kwa wiki chache, na jirani watakulaumu; vumilia, na uupe samadi na maji wakati huohuo. Mwasumini mkongwe ambao shina zake zimekuwa ngumu kama kuni usikatwe wote kwa siku moja. Ondoa theluthi ya mashina makongwe kila mwaka, na kwa mwaka wa tatu utakuwa umepata mmea mpya juu ya mizizi ya zamani. Baada ya hapo, kila kishada kinapomaliza maua yake, likatwe tawi lake jozi mbili za majani chini ya kishada hicho, na hilo ndilo litakaloleta zamu nyingine bila ya kungoja mwaka.

Kuchuma nako ni sehemu ya utunzaji. Wakati wake ni baada ya alasiri, matumba yanapokuwa yamejaa, yamegeuka meupe kabisa, lakini bado yamefumba. Tumba lenye ukijani halitafumbuka likichumwa, na ua lililokwisha kufumbuka tangu jana halina tena harufu ya kutosha. Libanwe kwa ncha za vidole chini ya kikombe chake, likatike peke yake, bila ya kuvuta chipukizi lenye matumba ya kesho. Yakichumwa hivyo, na kufungwa ndani ya jani la mgomba au kitambaa kibichi, hufumbuka usiku yakiwa tayari kwenye koja au kikuba, na harufu yote hubaki kwa aliyeyavaa. Wachina wanaonukisha chai kwa asumini hufuata kanuni iyo hiyo: huchuma matumba mchana na kuyachanganya na majani ya chai jioni, ili ua litoe harufu yake ndani ya chai. Wafilipino, ambao walilifanya ua hili kuwa ua la taifa mwaka 1934, hutunga matumba yake kwa uzi kuwa makoja ya kuwavika wageni na kupamba madhabahu. Mtu asiyehitaji maua na ayachume vivyo hivyo, maana yanayonyaukia mtini huuchelewesha mti kutoa mengine.

Maadui wa mwasumini ni wadogo lakini wanazaliana upesi. Vidung'ata, ambao ni wadudu weupe mfano wa unga wa pamba, hujificha kwenye vifundo, na wadudu gamba hujibandika kwenye mashina na chini ya majani. Wote wawili hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, ambayo huwaita sisimizi na kuotesha ukungu mweusi mfano wa masizi. Kwa hiyo mtu aonapo sisimizi wakipanda na kushuka, au majani yakiwa na masizi, asihangaike na sisimizi wala masizi. Atafute chini ya majani, atawakuta wakosaji. Awafute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, na mmea wote aunyunyizie maji ya sabuni kidogo au maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa, jioni jua likiwa limepoa, akirudia kila wiki hadi waishe. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu na vumbi, huacha vidoa vidogo vya manjano na utando mwembamba, na dawa yake ya kwanza ni kuyaosha majani kwa maji upande wa chini. Matumba yenye kitundu, yanayogeuka rangi kabla ya kufumbuka, yana kiwavi ndani. Yachumwe na kuchomwa moto, yasitupwe chini ya mti.

Watu wa bara na wa ng'ambo nao wana swali lao. Mwasumini ni mtoto wa nchi za joto. Baridi inayoshuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huudumaza, na jalidi huuua. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,000, na miji mingine ya vilimani, unaweza kuishi na kuchanua katika miezi ya joto, ukipandwa mbele ya ukuta unaopata jua la mchana na kurudisha joto usiku, na ukipunguziwa maji tangu Juni hadi Agosti, wakati ambao mizizi imelala. Oman na nchi za Ghuba, ambako unapendwa kama unavyopendwa Unguja, shida ni kinyume: jua la kiangazi ni kali mno kwa mmea wa chomboni, hivyo upewe kivuli kuanzia adhuhuri, na maji yenye chumvi yaepukwe. Walio Ulaya au Marekani ya kaskazini wauweke ndani ya chungu, nje wakati wa kiangazi, na ndani kabla ya usiku wa kwanza wa jalidi, penye dirisha lielekealo kusini. Na wajue kwamba hewa kavu ya nyumba zinazopashwa moto ndiyo inayowaleta utitiri, kwa hiyo majani yaoshwe mara kwa mara.

Limebaki jambo la kuzalisha, nalo halihitaji gharama yoyote, kwa kuwa kisu kilekile cha Agosti ndicho kinachotoa miche. Katika matawi uliyokata, chagua yaliyo ya wastani, si laini ya kupinda wala si magumu ya kukatika kwa mlio. Yakate vipande vya inchi 5 au 6, kila kimoja kikiwa na vifundo vitatu, na mkato wa chini upite mara chini ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu, na yakiwa mapana uyapunguze nusu. Vizike hadi kifundo cha pili ndani ya mchanganyiko wa mchanga usio na chumvi na mboji, mahali penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, na uvifunike kwa chupa ya kioo iliyokatwa au mfuko wa plastiki kuhifadhi unyevu. Kwa muda wa wiki nne hadi sita vitakuwa vimeota mizizi, na dalili yake ni majani mapya. Hapo kila kimoja kihamishiwe katika kopo lake, na kizoeshwe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili. Asiye na subira ya vipande na achukue tawi la chini lililo bado mtini, alikwangue gome upande wa chini, alilaze ardhini, alifunike udongo na kuliwekea jiwe, na baada ya miezi miwili au mitatu alikate kutoka kwa mama yake likiwa na mizizi yake.

Vipande vitakuwa vingi kuliko nafasi uliyo nayo, na hapo ndipo ninapotoa ushauri wa mwisho: usivitupe. Mpe jirani mmoja, mpe mwingine aliye mtaa wa pili, na umweleze kila mmoja wao jua, udongo na kisu. Mmea wako ukifa kwa ukame au kwa mkono wa fundi anayejenga ukuta, utajua pa kwenda kuomba kipande cha aina ileile uliyoizoea. Na harusi ikitokea mtaani, ambapo mche mmoja hautoshi hata koja moja, asumini zitachumwa katika nyua tano kwa alasiri moja.